Simu za asante

Jana niliwapigia simu watu 18 waliotuchangia kituoni mwaka jana. Sikuomba hata shilingi. Nilisema tu: ile elfu ishirini yako ilinunua madaftari ya watoto wa darasa la pili, asante sana. Mama mmoja wa Mbagala akanyamaza, nikadhani salio limeniishia. Kumbe analia. "Mwanangu, nyie huwa mnanikumbuka Desemba tu, mkiwa na shida."

Niliona aibu, maana ni kweli. Daftari letu la wachangiaji lina namba za M-Pesa na kiasi, basi. Wengine hata majina hatukuandika! Wiki hii naongeza safu mbili: alichangia kwa ajili ya nini, na tulimpa mrejesho lini. Maandiko ya kuomba fedha kwa wafadhili wa Ulaya yatasubiri kidogo.