Nilivyolipata umbo la bawa la Spitfire kwa mbao za paini, hapa Tanga

Ukitengeneza mfano wa Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili, kazi yenyewe iko kwenye mabawa. Nilifuata ndege namba R6915, iliyopigana mwaka 1940 na sasa imening'inizwa ndani ya Imperial War Museum, London. Kwa kuwa iko juu, picha zake nyingi zimepigwa kutoka chini, na bawa linaonekana lote.

Nilitumia kipimo cha 1 kwa 10. Ndege halisi ina upana wa mita 11.23 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya jingine, na urefu wa mita 9.12, hivyo mfano unatoka milimita 1,123 kwa 912. Bawa linaundwa na nusu duaradufu mbili zilizoungana kwenye mstari mmoja, ya mbele nyembamba, ya nyuma pana. Nilizichora kwenye plaiwudi kwa misumari miwili na uzi wa milimita 1,123 uliofungwa ncha zote mbili. Kwa ukingo wa nyuma, kila msumari unakaa milimita 528 kutoka katikati. Kwa ukingo wa mbele, 558. Nailoni haifai, inavutika na mchoro unahama. Uzi mwembamba wa katani unatosha, na hapa kwetu haukosekani.

Shinani, yaani linapoungana na mwili wa ndege, upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma ni milimita 254 na unene 33, kisha linapungua hadi nchani. Punguza kwa randa, fuata na tupa, malizia kwa msasa namba 80, 120 na 240, huku ukipima kwa vielezo vya kadibodi kila baada ya sentimita 10.

Kuna mambo mawili ambayo wengi huyaacha. Bawa linainuka kuelekea nchani kwa pembe ya nyuzi 6, yaani milimita 10 na nusu kwa kila 100. Pia limesokotwa: shina limeelekea juu nyuzi 2, ncha imeinama chini nusu nyuzi. Ndege ikipungua mwendo mno, shina hupoteza nguvu ya kubeba kwanza, ndege inatetemeka na rubani anapata onyo mapema. Mfano usio na msokoto huo mimi siuhesabu kuwa Spitfire.

Unyevu wa bahari nao ni adui. Ukipaka vanishi upande mmoja ukauacha mwingine hadi kesho, upande mkavu unanyonya maji na bawa linapinda. Paka pande zote siku hiyohiyo, vanishi ya kwanza ikiwa imezimuliwa kwa thina ili izame. Skrubu ziwe za shaba. Za chuma zinatoa kutu inayopenya hadi juu ya rangi.