Excel ikiganda kwenye chati, anzieni hapa
Wenzangu mnaoandaa takwimu za korosho huku Masasi na Newala, Excel ikiganda msikimbilie kulaumu kompyuta. Faili letu la mizani lilikuwa likiguswa chati tu, kile kiduara kinazunguka hadi unakata tamaa. Kumbe chati ilielekezwa safu wima nzima, na safu moja ina mistari 1,048,576! Zaidi ya hapo kuna fomula za OFFSET (za kuchagua eneo la data), zinazojikokotoa upya kila seli ikibadilishwa. Tukajumlisha kilo za kila mnada kwenye karatasi ya pembeni, chati ikasoma hapo tu. Sasa inachoreka papo hapo. Ikibaki nzito, wekeni ukokotoaji kwenye Manual, yaani Excel isihesabu yenyewe, mkimaliza kuingiza bonyezeni F9 ihesabu. Wakulima wanasubiri hesabu zao, kuwachelewesha kwa ajili ya faili inaniuma sana.