Dari ya Napoli na kuta zetu za Moshi

Mimi ni fundi rangi, na nusu ya kazi zangu hapa Moshi ni makanisa. Sista mmoja aliyewahi kusoma Italia aliponirushia WhatsApp picha ya dari ya kikanisa cha Napoli (ndiyo, Napoli ya Maradona), malaika niliwaacha kwanza. Nilikagua pembe, maana dari ikianza kuoza huanzia huko.

Pembe ni safi. Dari hiyo imo katika kikanisa cha ukoo wa Sangro, kiitwacho Sansevero, na ilichorwa na Francesco Maria Russo mwaka 1749: Utukufu wa Peponi, mawingu na malaika wanapishana mpaka shingo inauma, mtindo wa Baroko wenyewe, ule wa Ulaya ya zamani wenye mbwembwe. Wageni wengi wanakwenda pale kumwona Kristo wa marumaru aliyefunikwa shela, kazi ya Sanmartino ya 1753. Ni haki yake. Lakini mimi ningelala chali sakafuni nitazame juu.

Inasemekana rangi hizo hazijawahi kurudiwa. Miaka zaidi ya 270! Sifa anapewa mwenye kikanisa, Raimondo di Sangro, mwinyi aliyependa kuchanganya madawa na rangi hadi watu wa mtaani wakamwona mchawi.

Sista akanitumia sauti: “Mwanangu, na wewe si utuchanganyie hivyo?”

“Sista, nipeni kwanza muda wa ukuta.”

Maana siri ya fresko, yaani picha inayochorwa kwenye plasta mbichi, mbali na uchawi wa mwinyi, ni subira na chokaa. Rangi ya unga inakorogwa na maji, inapakwa juu ya plasta ya chokaa ikiwa bado mbichi. Chokaa inavyokauka inavuta hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe, rangi imenasa humo humo. Ndiyo maana wachoraji walipiga plasta kipande cha kazi ya siku moja tu, kesho kipande kingine.

Kwetu sasa. Plasta ya simenti inapigwa Jumatatu, Alhamisi kamati inataka rangi ya mafuta kwa sababu Jumapili kuna Kipaimara. Masika ikiingia, ukuta unatoka jasho, chumvi nyeupe inasukuma kutoka ndani, rangi inafanya malengelenge. Penyeza ukucha, kinabanduka kipande kizima kama ganda la yai. Lawama kwa fundi. Kuna parokia niliomba plasta iachwe ikauke, mwenyekiti akaniuliza mbele ya watu: “Fundi, kwani hii ni mbege mpaka tungoje ichachuke?” Walicheka sana. Nami nilicheka, nikapaka.

Masista wamenikubalia nijaribu chokaa kwenye ukuta wa nyuma wa kikanisa chao, usioonekana na wageni. Chokaa iko kwenye pipa, inalowa. Nyekundu na njano hazinipi shida, oksidi ya chuma inaelewana na chokaa. Joho la Bikira Maria ndilo linaloniumiza kichwa, kwa sababu si kila buluu inavumilia chokaa. Ile ya Prussia inageuka kahawia. Mwenye buluu ya unga isiyoogopa chokaa, aniambie anaipata duka gani, Moshi au hata Arusha.