Kuliko ya nani?

Jumamosi iliyopita binti wa kaka yangu alikuja kwangu Umoja na insha yake ya Kiingereza. Yuko kidato cha tatu. Mwalimu alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya sentensi moja na kuweka alama ya kuuliza pembeni, bila maelezo yoyote. Sentensi yenyewe ilikuwa hii: "The population of Nairobi is larger than Mombasa."

"Anti, kosa liko wapi? Nimetoa hesabu kwenye sensa."

Hesabu ilikuwa sawa. Sensa ya 2019 ilipata watu 4,397,073 Nairobi na 1,208,333 Mombasa. Kosa liko kwenye mizani. Upande mmoja ameweka idadi ya watu, upande wa pili ameweka mji mzima, pamoja na bahari yake na feri ya Likoni. Nimehariri ripoti za Kiingereza kwa miaka kumi na moja, na hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote, hata kwa watu wenye shahada mbili. Linaniuma kwa sababu dawa yake tumekuwa nayo mdomoni tangu utotoni.

Nilimwambia aiseme kwa Kiswahili. Akasema bila kuwaza: "Idadi ya watu wa Nairobi ni kubwa kuliko ya Mombasa."

Nikamsimamisha hapo kwenye "ya". Hiyo "ya" ya mwisho inafanya kazi gani? Akafikiri kidogo, akasema imeshika nafasi ya "idadi". Ndivyo. A-unganifu yetu, yaani "ya", "za", "la" na wenzake, inaweza kusimama peke yake na bado ikajulikana inazungumzia nini. "Of" ya Kiingereza haiwezi. Huwezi kusema "than of Mombasa". Inahitaji neno la kuegemea, ndiyo maana wanatanguliza "that": "larger than that of Mombasa."

Mama yangu ameuza nyanya Marikiti tangu nikiwa mdogo. Hajui Kiingereza, lakini atakwambia nyanya za Loitokitok ni ngumu kuliko za Mwea, na hiyo "za" haidondoshi hata siku moja. Najua mitaani tunasema pia "kodi ya Umoja ni nafuu kuliko Kilimani" na tunaelewana. Mazungumzo yanasamehe. Karatasi inayosomwa na mtu asiyekujua haisamehi.

Kwa mfano wa mama, "za" inakuwa "those of", kwa kuwa nyanya ni nyingi. Hapa lakini kuna mtego, na nimeona wengi wakiutumbukia. "Mishahara ya walimu ni midogo kuliko ya madaktari." Ukiifuata ile "ya" kama ulivyoifuata kwenye "idadi", utaandika "that of", na utakosea, maana mishahara ni mingi: "those of doctors". Usiitazame "ya". Rudi kwenye nomino yenyewe uulize kama ni moja au ni nyingi.

Njia ya pili ni ile ya ritifaa (kile kialama cha ') na s: "Nairobi's population is larger than Mombasa's." Ni fupi, na mimi naipenda kwa sababu pande zote mbili zimevaa sare moja. Kisichofaa ni kuzichanganya: "than that of Mombasa's". Hapo umiliki umetajwa mara mbili, kama mtu anayesema "kuliko ya ya Mombasa".

Viwakilishi havina shida sana. "My shop is smaller than her" ukiigeuza utapata "duka langu ni dogo kuliko yeye", na hapo hata mtoto wa chekechea atakurekebisha: kuliko lake. Basi "hers", na haina ritifaa.

Panaponichosha ni kwenye wingi. Mwaka juzi nilipitisha ripoti ya shirika moja yenye maneno "The girls' marks were higher than the boys'." Kwenye karatasi ilikuwa sahihi kabisa. Siku ya kikao mtu akaisoma kwa sauti, na ritifaa ya mwisho haisikiki. Mzee mmoja akauliza alama zimekuwaje juu kuliko wavulana. Alikuwa na haki ya kuuliza. Tangu siku hiyo, kitu kikijulikana kitasomwa mbele ya watu naandika "those of the boys", hata kama sentensi inarefuka.

Binti aliandika sentensi yake upya kwa njia zote mbili, akachagua ya ritifaa, tukanywa chai. Jumatatu jioni akanitumia picha ya daftari. Alikuwa ametunga mwenyewe: "My shosho's tomatoes are cheaper than the supermarket", kisha akaona kwamba bei ya nyanya ameilinganisha na jengo, akakata. Chini yake akaniuliza:

"Anti, hapa ritifaa inakaa kabla ya s au baada?"

"Supamaketi ni moja au ni nyingi?"

"Ni moja, ile ya hapo steji."

"Basi ni kabla."