Nafuu

Mteja aliyekuja kuchukua sare za wanawe leo asubuhi ameniuliza tena. "Fundi, na ile sindano ya mgongo, si ulipona?" Nikamjibu alhamdulillahi, nikamkunjia sketi zake, akaondoka ameridhika. Mimi sikuridhika. Nimeshinda nalibeba jibu lile mpaka jioni hii, ndiyo maana naandika.

Maumivu yangu watu huyaita ya mgongo, lakini mgongoni hayapo sana. Yanaanzia tako la kulia, yanashuka nyuma ya paja, yanapita kwenye kigimbi mpaka ubavu wa unyayo, kwenye kidole kidogo. Siku nyingine ni moto, siku nyingine ni kama mtu amechomeka waya wa umeme. Kipimo cha MRI kilionyesha diski ya chini kabisa ya kiuno imechomoza ikabana mzizi wa mshipa wa fahamu. L5 na S1, daktari alisema, yaani pingili mbili ambazo diski hiyo imekaa katikati yake, nami nikaona kama ananitajia namba za mabasi.

Cherehani changu ni cha kukanyaga. Mtu asiyeshona hawezi kujua maana yake. Unyayo ukifa ganzi huna habari kama umekanyaga au umeachia, gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika. Mwaka ule nilikata uzi kuliko nilivyokata vitambaa. Nimekaa na hali hiyo zaidi ya miaka miwili, na vidonge, na mazoezi, na mafuta ya kila aina niliyoletewa na majirani.

Sindano ilipotajwa, dada yangu alinipigia simu hapo hapo. "Mdogo wangu, hiyo inapoozesha. Mimi tangu nichomwe wakati wa kuzaa kwa kisu mgongo haujakaa sawa." Nilimpelekea daktari maneno hayo kama yalivyo. Hakucheka. Akanieleza kwamba ile ya kujifungulia hupenya mpaka kwenye maji yanayozunguka mishipa, na hii huishia nje ya utando, na kilichomo ni dawa ya kushusha uvimbe pamoja na ganzi kidogo. Akaniuliza kama nina sukari, kama natumia dawa za kuyeyusha damu, kama nina mimba. Kisha akasema, "Tunatafuta nafuu, mama." Mimi nikasikia kupona.

Usiku nikasoma kwenye simu kwamba mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya juu ya madhara ya nadra ya sindano hizi: kiharusi, upofu, kupooza, hata kifo. Nikazima simu. Nikaiwasha tena.

Siku yenyewe, benchi la kusubiria lilikuwa limejaa ushuhuda. Kijana wa bodaboda aliyeumwa miezi mitatu tu alisema alichomwa mara moja akarudi barabarani, amekuja kuonyesha mguu wake. Mzee aliyekuwa pembeni yangu akaniambia, "Mwanangu, mimi mguu ulitulia, lakini sukari ilipanda siku nne mfululizo, nikadhani mashine imeharibika." Na bibi mmoja, ambaye njia ya mishipa yake imekuwa nyembamba kwa umri, alisema hakuona kitu. Alisema bila hasira, kama anayetaja bei ya nyanya. Wote watatu walikuwa wanasema kweli, na kila mmoja alitaka mgongo wangu ufuate wake.

Ndani nililala kifudifudi, mto chini ya tumbo, gauni limefunguka nyuma. Dawa ya kusafishia ilikuwa baridi kuliko nilivyotegemea. Ganzi ya ngozi inauma kama nyuki, halafu basi. Juu yangu kulikuwa na mashine ya eksirei iliyopinda kama herufi C, na daktari amevaa aproni nzito ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi, anatazama dawa ya rangi ikitambaa kwenye skrini. Dawa ilipoanza kuingia, maumivu yangu yale yale yalishuka mpaka kidole kidogo. "Hapo!" nikapiga kelele. "Vizuri," akasema. Nilimchukia kwa sekunde mbili hivi.

Mguu ulikuwa mzito mpaka alasiri, shemeji akanishika mkono kama bibi harusi. Siku mbili za kwanza uliuma zaidi. Uso ulikuwa wa moto, usingizi sikuupata, saa tisa usiku nilikuwa nashona vifungo. Mwezi ule hedhi nayo iliruka tarehe zake, na hilo hakuna aliyenitahadharisha. Niliwauliza wanawake wengine, wawili wakasema hata wao.

Siku ya sita nilikanyaga cherehani na unyayo ukanijibu.

Wiki kumi na moja. Nilizihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Nililala ubavu wa kulia, nilipanda daladala nikasimama, nilifanya mazoezi ambayo zamani yalinishinda. Halafu maumivu yakarudi, taratibu, labda nusu ya yalivyokuwa. Sindano ya pili ilinipa wiki tatu. Ya tatu sijaamua.

Mwaka 2020 wataalamu wa Cochrane, mtandao unaopitia tafiti za tiba, walikusanya majaribio 25 ya sindano hizi wakaona nafuu ya maumivu ya mguu ipo, ila ni ndogo na ya muda mfupi. Niliposoma niliudhika. Ndogo kwa nani? Lakini ukimweka yule kijana wa bodaboda na yule bibi kwenye mzani mmoja, hicho ndicho kinachotoka. Na mimi nimo humo katikati, na wiki zangu kumi na moja.

Kwa hiyo mteja wangu nilipaswa kumjibu nini? Nina nafuu, sijapona. Ila ukisema hivyo mtu anaanza kukupa pole upya na jina la mganga wa binamu yake, nami nina sare za watu za kumaliza.

Dada amepiga sasa hivi. Siku hizi haulizi sindano.

"Mguu?"

"Leo umelala."

"Basi na wewe lala."

Nimebakiza mikono miwili ya gauni. Namalizia.