Najifunza kuchora dubu nikiwa Lamu

Punda nimemchora tangu utotoni, na Lamu nani hamjui punda, ukitoka tu mlangoni huku Langoni unapishana naye kwenye kichochoro amebeba mchanga. Lakini siku hizi nimeshikwa na dubu. Kwetu hayuko kabisa, Afrika nzima alikuwepo kule kaskazini tu, milima ya Atlas, na hao nao walikwisha karne ya 19. Kwa hivyo namsomea kwenye simu, zile video za mto Brooks kule Alaska ambapo mwezi wa 7 wanajaa kwenye maporomoko kuvizia samoni wanaoruka, nasimamisha, nachora, naachilia, nasimamisha tena mpaka chaji inakata.

Kilichonifungua macho ni mguu wa nyuma. Punda husimama juu ya ncha ya kidole kimoja, ndio ule ukwato, paka naye anatembea kwa vidole na kisigino kiko juu huko, lakini dubu jamani anakanyaga chini kwa wayo mzima, kisigino na vidole, vilevile tunavyokanyaga mimi na wewe. Ukishalijua hilo mwili wote unajipanga wenyewe, nyonga inashuka, uzito unakaa chini, na ile kuyumba kwake unaielewa. Halafu kuna nundu ya mabegani ya dubu wa kahawia, ile si mafuta kama ya ngamia, ni misuli ya kuchimbia, so mimi naanza nayo kabla ya kichwa, akiwa anatembea kichwa kinakuja chini yake.

Manyoya ndiyo raha yangu. Sichori unywele mmoja mmoja, nalaza penseli ya 4B, ile laini yenye weusi, ubavuni nafuata mwili unavyozunguka, pale juu ya nundu panapopigwa na jua naacha karatasi tupu, tumboni nakoleza.

Mpwa wangu alikuja akaniinamia begani, "Mjomba, mbona hana shingo?" Nikamwambia anayo mama, imefichwa na manyoya tu. Akachukua penseli akamchorea samaki mdomoni, na samaki mwenyewe ni changu, mapezi yote ya changu wa sokoni, nami nimemwacha hivyohivyo kwa sababu amekaa vizuri sana.

Sasa nataka nimchore amesimama kwa miguu miwili, hapo visigino ndio vinabeba kila kitu, na kucha za mbele zitaonekana zote kwa urefu wake maanake hazirudi ndani kama za paka.