Lexus GX 470 yangu: kutoka rimu za 20 hadi za 17

Wiki ya 1

Gari nililinunua likiwa na rimu za inchi 20, zinang'aa unajiona sura. Mwenye nalo wa kwanza alilivalisha tairi za 265/50R20, na kwenye lami ni raha tupu. Jumamosi nimeliingiza njia ya mawe, mwendo wa mtu anayetembea. Jiwe moja likaibana tairi ya mbele kushoto: ubavu umechanika, rimu imepinda.

Jioni nimepiga hesabu iliyonipasa kabla ya safari. Ile 265 ni upana kwa milimita, 50 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 20 ni inchi za rimu; kwa hiyo ubavu unakuwa milimita 132.5. Huo ndio mpira wote uliokuwapo kati ya jiwe na chuma. Ukipunguza upepo ili tairi ilalie mawe, unaobaki ni mdogo zaidi. Rimu hizi zinaondoka, hata kama mke wangu anazipenda.

Wiki ya 2

Gari hili lilitoka kiwandani na 265/65R17, kipenyo milimita 776. Hapo ndipo ninapoanzia kulinganisha.

265/70R17 inafika 803. Ubavu wake ni 185.5, yaani sentimita tano na ushei zaidi ya zile za 20. 285/70R17 inafika 831, ndiyo "thelathini na tatu" (inchi za kipenyo, kwa makadirio) inayotamaniwa na kila mtu. Mimi pia naitamani, nisijifanye.

Lakini kipenyo kikiongezeka, gari halinyanyuki kwa kiasi hicho chote, maana kinachoinua ni nusu yake tu. 265/70 inaniinua milimita 13, na 285/70 inaniinua 27. Kwa hizo 27, gia zote zinakuwa nzito kwa asilimia 7. Difu yangu (gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu) yenye uwiano wa 3.73 itavuta kana kwamba ni 3.49. V8 ya lita 4.7 haitalia sana kwenye lami, ila kwenye mteremko mkali wenye changarawe nataka gia ya chini ilizuie gari bila mimi kukanyaga breki. Hapo tairi kubwa inaninyang'anya.

Wiki ya 3

Wiki nzima imeliwa na ofseti, na sijutii.

Rimu ya kiwandani ina upana wa inchi 7.5 na ofseti ya +30. Maana yake, uso unaokaa kwenye habu (kitovu cha ekseli kinachofungiwa rimu) umesogea milimita 30 upande wa nje kutoka katikati ya upana wa rimu. Ofseti ikipungua, gurudumu zima linatoka nje. Rafiki yangu ana rimu za inchi 8 zenye ofseti ya 0, zimevaa 285/70. Akaniazima mbili tuzijaribu mbele. Hesabu: 30 za ofseti, jumlisha 6 za nusu ya upana ulioongezeka, ukingo wa nje unatoka milimita 36. Gari lilisimama kama dume, nikapiga picha.

Kisha nikakata usukani hadi mwisho na kurudi nyuma. *Krrr.* Tairi inakwaruza nyuma ya matgadi, pale kishikio cha bodi kinapotokeza kwenye chasisi. Wapo wanaokikata na kukichomelea upya, wanaendesha miaka bila shida. Mimi sikati chuma cha chasisi kwa ajili ya picha.

Nilichokuwa sijakielewa ni hiki: tairi inayokaa nje huzunguka kwa duara pana zaidi usukani unapokatwa. Kwa hiyo tairi ileile inaweza kupita salama kwenye rimu moja na kugusa kwenye nyingine. Nilikuwa nikiuliza "tairi gani inaingia?" bila kutaja rimu, na kila mtu akinipa jibu lake.

Wiki ya 5

Nimeamua: 265/70R17 kwenye rimu za inchi 7.5, ofseti +15. Gurudumu linatoka nje milimita 15 tu. Matundu ya kufungia ni sita kwenye duara la milimita 139.7, na tundu la katikati ni milimita 106.1, linakaa kwenye habu bila kulegea.

Tairi ni za kashata (vibonge vya mpira vinavyoshika ardhi) za wastani, si zile za matope zinazovuma kama nyuki. Namba ya uzito ni 115, kilo 1,215 kwa kila tairi, na gari langu likipakiwa haliendi mbali na tani 2.8. Zile ngumu za malori sikuziona na faida kwangu.

Nusura niharibu kazi kwa nati. Za kiwandani zina shingo ndefu na washa bapa. Rimu mpya zinataka zenye mdomo wa koni. Uzi ni uleule, M12 kwa 1.5 (unene na nafasi ya nyuzi kwa milimita), kwa hiyo zile za zamani zinaingia na kukaza vizuri tu, huku hazijakaa mahali pake. Nimenunua za koni, nikakaza kwa Nm 112 (kipimo cha nguvu ya kukaza), na baada ya kilomita 80 nikarudia. Mbili zilikuwa zimelegea kidogo.

Wiki ya 6

Njia ileile, mawe yaleyale, upepo psi 20. Tairi inalikumbatia jiwe, gari linapanda taratibu bila ule mgongano uliokuwa ukipanda hadi menoni. Usukani mwisho, kurudi nyuma: kimya. Kwenye lami spidomita ikisema 100, simu inasema 101. Kwa hesabu ilipaswa kuwa 103, basi spidomita ilikuwa ikizidisha kidogo tangu zamani.

Imebaki spea. Gari hili linaendesha magurudumu yote manne muda wote, kwa hiyo spea ndogo ingeichosha difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Nimenunua ya tano inayolingana na nne zile. Chini ya gari inaingia, ila kidole hakipiti kati yake na bampa. Kesho nalala tena chini na tochi.